Siku Nilipovaa Mkufu wa Meya

Juzi mke wa mwanangu aliketi uani akisugua sinia ya shaba kwa ndimu na jivu la makumbi, na harufu ile ikapanda ngazi mpaka chumbani kwangu, nilikokuwa nikisoma uradi wangu wa asubuhi. Harufu ya ndimu ikikutana na madini ni kali, huingia puani na kushuka mpaka kwenye meno. Nikafunga kitabu, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikacheka peke yangu. Mke wa mwanangu akauliza kutoka chini kama nimeona mjusi. Sikuona mjusi. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimesimama mbele ya kioo cha bibi yangu na mkufu mkubwa wa meya shingoni, na mji mzima wanisubiri nje.

Niruhusuni nianze na mwenye mkufu.

Babu yangu, Khatibu Abdulrahman, alizaliwa Ndau, kisiwa kidogo ambako hata kiberiti huja kwa mashua. Baba yake alikuwa mvuvi. Babu alipofika miaka kumi aliletwa Amu, ndiyo Lamu, kusoma dini, akashuka gatini na mkeka, juzuu moja, na gunia la nazi la kumpa mwalimu wake. Alikusudia kukaa mwaka mmoja. Alisoma, akasomesha, akaoa binti wa mtaa wetu, na mwaka ule haukwisha mpaka alipozikwa. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyepanda mimbari ya msikiti wetu kila Ijumaa. Sauti yake ilikuwa ndogo. Muadhini, Bwana Athmani, ambaye alikuwa rafiki yake wa chanda na pete na mtani wake wa kila siku, alipenda kuwaambia wageni, "Khatibu mwenye sauti kubwa watu humsikiliza wakiwa majumbani. Huyu wetu hutulazimisha kuja mapema."

Sasa, mtaa wetu wakati ule ulikuwa na mfereji wazi, umepita katikati ya njia, ukibeba maji ya kuogea na ya jikoni kutoka kila nyumba mpaka pwani. Ulipokuwa mzima hatukuuona. Ulipoziba hatukuona kitu kingine. Maji yalisimama yakawa meusi, mbu wakanenepa, na mimi nilipoteza kiatu kimoja humo karibu kila mwezi. Wanawake walilalamika kwa Bibi, Bibi akalalamika kwa Babu, na Babu akaandika barua kwa baraza la mji. Akaandika ya pili na ya tatu. Hakuna iliyojibiwa. Basi akahamia mimbarini. Alihutubu juu ya usafi Ijumaa tatu mfululizo, na ya nne alipoanza tena, watu walitazamana. Baada ya swala hamali mmoja wa gatini alimshika mkono akamwambia kwa adabu:

"Khatibu, yeo ni Ijumaa ya nne twaswalia mfereji. Mimbari haina jembe. Enda wewe barazani, kwa walio na jembe."

Watu walicheka, lakini maneno yale hayakupotea. Uchaguzi ulipofika Babu akawa diwani, na madiwani wenzake, ambao nusu yao walikuwa wanafunzi wake na walikuwa bado wakimwogopa, wakamchagua kuwaongoza. Kwenye karatasi cheo chake kilikuwa mwenyekiti wa baraza la mji. Waamu hawakuwa na haja na jina refu kama hilo. Walimwita Meya, na Meya alibaki.

"Haya, Khatibu," alisema Bwana Athmani jioni ile, "sasa tukwite nani? Mheshimiwa?"

"Niite upendavyo," Babu akajibu, "bora usikawize adhana."

Mimi siku iliyofuata nilikwenda chuoni kusoma Kurani nikiwa nimetanguliza kidevu. Niliwaambia wenzangu kwamba babu yangu sasa ni mfalme wa mji, na kwamba mfereji ataukausha kwa neno moja tu. Nakiri haya kwa aibu, lakini ndivyo nilivyosema.

Siku chache kabla ya kuapishwa kwake, karani wa baraza alikuja nyumbani. Aliitwa Bwana Mutua, Mkristo mpole kutoka bara, mrefu sana, na kila alipoingia kwetu alipiga kichwa kwenye fremu ya mlango na kuomba msamaha, sijui kwa mlango au kwa sisi. Alibeba sanduku la mbao. Ndani, juu ya kitambaa chekundu, ulilala mkufu. Ulikuwa wa vipande vipana vilivyounganishwa kwa pete nene, na mbele ukining'inia sahani yenye picha ya ngao. Ulikuwa umefifia, lakini ulipoguswa na mwanga wa uani ulitoa rangi iliyomfanya Babu arudishe mkono wake.

"Ni dhahabu?" aliuliza.

"Imepakwa dhahabu, mzee. Sijui ni kiasi gani."

Hapo ndipo furaha ya nyumba yetu ilipoingiwa na kidudu. Kwetu dhahabu ni ya wanawake na watoto. Mwanamume haivai, hata pete, hata kifungo, na khatibu ndiye wa mwisho kutarajiwa kuivaa, kwa kuwa yeye ndiye anayewafundisha wengine wasiivae. Wakaitwa sonara na Bwana Athmani. Sonara alikwaruza kidogo kwenye jiwe lake jeusi, akatia tone la dawa, akatazama kwa muda mrefu kama mtu asiyetaka kuleta habari.

"Si nyingi," akasema, "lakini ni dhahabu."

Bwana Mutua akashusha pumzi. "Mimi nilikuwa naomba iwe shaba."

"Hata sisi," akasema Babu.

Aliuliza kama anaweza kuushika mkononi tu. Bwana Mutua akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Kanuni zinasema shingoni, mzee. Na DC mwenyewe, mkuu wa wilaya, anakuja Jumamosi kushuhudia. Ukiapa bila mkufu, wako madiwani watakaosema hukuapishwa sawasawa. Wataitisha kura mpya, na safari hii watakuwa wamejipanga."

"Na ukiuvaa," akasema Bwana Athmani, na mara hii hakuwa akitania, "Ijumaa ntaadhini kama kawaida. Lakini kuswali nyuma yako, ndugu yangu, moyo wangu utakuwa mzito. Wala siko peke yangu."

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, na hata mimi nilielewa. Akiuvaa, atapoteza mimbari. Akiuacha, atapoteza kiti, na mfereji utabaki, na viatu vyangu vitaendelea kuzama. Nilifikiria pia nitawaambia nini wenzangu wa chuoni, na kwa kweli hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku mbili Babu alilipima jambo hilo. Aliswali, akasomesha, akala nusu ya chakula chake. Siku ya tatu baada ya Alasiri alikaa uani, akanituma nimletee kalamu na karatasi. Mimi nilikuwa najua kusoma, tena kwa haraka, na nilisimama nyuma ya bega lake nikaona mstari wa kwanza: alikuwa akiwashukuru madiwani kwa imani yao na kuwaomba wamchague mtu mwingine. Nilikimbilia jikoni nikamkumbatia Bibi miguu.

Bibi yangu, Bi Rukia, alikuwa ameutoa mkufu sandukuni. Alikuwa akiupitishia ndimu na jivu laini kwa ncha ya kidole, taratibu, kwa sababu, alisema, kitu cha watu hakirudishwi na vumbi. Nilimwambia nilichosoma. Aliusuuza mkufu, akaupangusa kwa leso, akautazama, kisha akanitazama mimi.

"Ndoo hapa, Zena," akaniita.

Akanivisha. Ulikuwa baridi na mzito, ukanifika tumboni, na harufu ya ndimu ikanipanda mpaka machoni. Akanishika mkono akanipeleka uani, akanisimamisha mbele ya Babu, jua likiwa limenipiga kifuani.

"Bwana Khatibu," akasema, "dhahabu haramu kwa nani?"

Babu alijibu bila kuinua kichwa, kama anayejibu mwanafunzi. "Kwa wanaume."

"Na huyu ni mwanamume?"

Babu akainua kichwa. Sijapata kusahau uso wake. Kwanza alikunja kipaji, kama anayetafuta ukurasa. Kisha midomo yake ikaanza kucheza. Akaiweka kalamu chini, akavua kofia, akaivaa tena, akacheka kicheko kidogo kilichofanana na sauti yake ya mimbarini.

"Bi Rukia," akasema, "miaka yote hii nimepanda mimi mimbari."

Bwana Mutua aliitwa. Alipiga kichwa mlangoni, akaomba msamaha, akaelezwa. "Mtoto?" akauliza. "Lakini kanuni zinasema shingoni."

"Na hiyo si shingo?" Bibi akamwonyesha.

Akaondoka kwenda kumuuliza DC, sisi tukakaa kumngoja kama watu wanaongoja mwezi wa Ramadhani. Alirudi kabla ya Magharibi akitabasamu. DC alikuwa amecheka mpaka akashika meza, kisha akasema amekubali: mkufu uwe mbele ya meya wakati wa kiapo, shingo yoyote iliyoubeba, ila mtoto asikimbie nao.

Jumamosi asubuhi Bibi alinivisha gauni jeupe, akaufunga mkufu nyuma kwa utepe usinitelezee, akanitia marashi mpaka nikapiga chafya. Bwana Mutua alikuwa amepanga msafara upite njia ya pwani, ambayo ni pana na safi. Babu akamwambia, "Tutapita mtaani, kwa majirani." Nilifurahi kupita kiasi. Niliamini kabisa kwamba anataka majirani wanione mimi.

Basi tukatoka. Mimi mbele, peke yangu. Nyuma yangu Babu katika kanzu yake nyeupe ya Idi, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Kando yake DC katika suti na viatu vinavyong'aa, kisha madiwani, kisha Bwana Mutua na sanduku tupu, na nyuma yao watoto wote ambao Mungu aliwajaalia Amu. Wanawake walitunyunyizia marashi kutoka milangoni. Mbele ya duka la mkate punda mmoja aliyebeba mawe alikuwa amesimama akiziba njia, na mwenyewe yuko ndani ananunua sigara.

"Mpishe meya," nikaamuru.

Yule bwana akatoa kichwa. "Meya yupi? Wewe au babuyo?"

"Sote wawili."

Njia nzima ikacheka, na DC pia. Punda akasogezwa. Nilijiona mkubwa kiasi kwamba nilianza kutembea kama nilivyoona maofisa wakitembea, kifua mbele na macho juu, na kwa kweli hapo ndipo kosa lilipotokea. Kwa Bi Fatuma, jirani yetu mjane, mfereji ulikuwa umefurika na watu wamelaza ubao wa kuvukia. Nilikuwa nimevuka ubao ule mara elfu. Lakini siku hiyo wenzangu wa chuoni walikuwa wamejipanga juu ya dari ya nyumba ya jirani, wakiniita kwa jina, nami niliinua mkono kuwapungia kama malkia. Mguu mmoja ulikanyaga ubao. Wa pili ulikanyaga hewa.

Nilizama mpaka kiunoni. Mkufu wa meya, wenye ngao na dhahabu yake, ulitoweka katika maji meusi ya kuogea ya mtaa mzima.

Nilimsikia Bwana Mutua tu, kwa sauti ya chini kabisa, "Yesu wangu." Kabla mtu mwingine hajajongea, Babu alikuwa ameshashuka, na kanzu yake ya Idi, na makubadhi yake, mpaka magotini. Alinishika kwapani akaniinua, maji yakitiririka kutoka kwangu hadi kwake. Sikulia kwa kuumia. Nililia kwa sababu niliona nimemaliza kila kitu, kwamba sasa DC ataondoka na kiti atapewa mtu mwenye wajukuu wenye akili.

"Babu," nikasema, "nimekuharibia kiti?"

"Hakijaharibika. Umeumia?"

"La."

"Basi shika shingo yangu."

DC alikuwa amesogea mpaka ukingoni. Viatu vyake havikung'aa tena. Aliutazama mfereji juu na chini, akaweka kitambaa puani. "Huu mfereji uko hivi tangu lini?"

Babu, amesimama mle mle ndani, na mimi begani mwake nikimpaka matope shavuni, akamjibu kwa sauti yake ndogo: "Tangu barua ya kwanza, Bwana DC. Ya tatu niliandika mwaka jana."

DC akamtazama Bwana Mutua. Bwana Mutua akatazama mawingu. Na hapo, kutoka nyuma kabisa ya msafara, ikaja sauti ya Bwana Athmani, sauti iliyozoea kufika mbali:

"Mumeona? Meya wetu ameanza kazi kabla ya kuapa."

Sijui nani alicheka kwanza. Najua kwamba kicheko kilipanda madarini na kushuka, kikamfikia DC, kikamfikia hata Bwana Mutua, na mwishowe nikakisikia kifuani mwa Babu, nilipokuwa nimeegemea, kikitetema.

Tulirudi nyumbani tukaoga. Bibi aliusugua mkufu upya, mara hii bila upole wowote. Babu aliapa akiwa na kanzu yake ya kusomeshea, iliyofifia mabegani, na mimi mbele yake katika gauni la binamu yangu lililonifika visigino, nikinuka ndimu. Sahani ya ngao ilikuwa bado na tone moja jeusi pembeni, na DC aliliona, na hakusema. Ijumaa iliyofuata Bwana Athmani aliswali safu ya kwanza, nyuma ya Babu moja kwa moja, na Bibi alisema alimsikia akiitikia amina kwa nguvu kuliko siku zote.

Miezi haikupita mingi mfereji ukazibuliwa na kufunikwa kwa mawe, mtaa wetu kwanza, kisha mingine. Babu aliongoza baraza vipindi viwili. Alipanda mashua kwenda kusikiliza watu wa Kizingitini na wa Ndau kwao, na mchana, baada ya Adhuhuri, alikaa kwenye kibaraza cha msikiti ili asiyeweza kuingia ofisini amkute pale. Mimbari hakuiacha, ila juu yake hakuwahi tena kutaja mfereji wala kitu chochote cha baraza. Alisema khatibu anayeomba kura ameshashuka mimbarini hata kama bado amesimama juu yake. Na kila mwaka, mkufu ulipotakiwa kuonekana, alichagua msichana mwingine auvae. Wa pili baada yangu alikuwa binti wa Bwana Mutua. Siku ile nilinuna, nikasusa halua, na hakuna aliyenibembeleza, wakaila.

Vipindi vikaisha. Akarudisha sanduku, akashukuru, akarudi kwa wanafunzi wake na makubadhi yale yale. Nami nilikua, nikasoma, nikaolewa, nikawa mwalimu wa madrasa ya wasichana, nikawa nasimulia kisa cha mfereji harusini na kwenye mikusanyiko, na siku zote watu walicheka, na siku zote nilikisimulia kama kisa cha upumbavu wangu.

Babu alipoanza ugonjwa wake wa mwisho, alifanya kama wanavyofanya watu wake: aliwaita watu mmoja mmoja kuwaomba radhi. Walikuja madiwani wa zamani, walikuja wale aliowahukumu vibaya na wale waliodhani kawahukumu vibaya, alikuja Bwana Mutua kutoka bara, mzee sasa na mgongo umepinda, kiasi kwamba mlango ulimpita bila kumgusa. Siku ya mwisho ya kuita, akaniita mimi.

Nilikaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Alinishika mkono.

"Zena, nakuomba radhi."

"Kwa lipi, Babu? Wewe hujanikosea."

"Kwa mfereji."

Nilicheka, kwa mazoea. Yeye hakucheka.

"Karani alitaka tupite pwani," akasema. "Mimi ndiye niliyetaka mtaani. Nilitaka DC aone kwa macho na anuse kwa pua yake, kwa kuwa barua zangu hazikuwa na harufu. Nilijua ubao ule hauna nguvu. Nilijua mtoto aliyefurahi hatazami chini. Nikakutanguliza hata hivyo. Ulipoanguka nilifaidika, na mji ukafaidika, na aliyelowa ni wewe. Wewe ndiye uliyeniuliza kama umeniharibia kitu."

Miaka yote nilikuwa nimebeba kisa kile kwa upande wa kuchekesha, na yeye, aliyekaa kiti kikubwa kuliko vyote vya mji, alikuwa amekibeba kwa upande mwingine, akihesabu machozi ya mtoto wa miaka tisa pamoja na mambo atakayoulizwa. Nilipokuwa mtoto nilidhani ukubwa ni kutangulia mbele na dhahabu kifuani. Siku ile, nikiwa nami na watoto wa kuwatanguliza mahali, ndipo nilipojua kwa nini watu walikubali kuswali nyuma yake na kumtii mbele.

"Nimekuwia radhi, Babu," nikasema. "Dunia na akhera."

Akafumba macho, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Nikadhani amelala. Kisha akauliza:

"Na mkufu? Ulikuumiza shingo?"

"Kidogo."

"Basi na hilo pia."

Nikamwia radhi na hilo pia.